Marejeo ni Ngamani: Kutoka Uhandisi wa Programu hadi Kuifunza Mashine Kimvita

Wahenga wa pwani walinena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ninajua kwamba makala nyingi katika jarida letu hufunguliwa kwa methali, na huenda msomaji akadhani kuwa nami nafuata mkumbo. La hasha. Methali hii ndiyo jibu fupi kuliko yote niliyonayo kwa swali ambalo nimekuwa nikiulizwa tangu siku ya kwanza nilipoingia darasa la uzamili.

Siku hiyo kila mwanafunzi alitakiwa ajitambulishe na kutaja alichosomea katika shahada ya kwanza. Wenzangu walitaja elimu, isimu, fasihi, uanahabari. Zamu yangu ilipofika nikasema nilisomea sayansi ya tarakilishi na kwamba nimefanya kazi ya uhandisi wa programu kwa takriban miaka minne. Mwenzangu mmoja aliuliza kwa mzaha, "Kwani ulifukuzwa?" Darasa likaangua kicheko. Mhadhiri wetu hakucheka. Alisema kwamba swali hilo ni zuri, na kwamba siku moja atapenda kulisoma jibu lake likiwa limeandikwa kwa Kiswahili fasaha. Makala haya ni jaribio la kulipa deni hilo.

Kazi ya Kutoa Amri

Nilizaliwa na kulelewa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, mahali ambapo vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba mkokoteni ukipita huna budi kujibanza mlangoni kwa jirani. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi mnamo Juni 2009, kebo ya TEAMS iliyolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah ilipowasili Mombasa. Wazee waliokaa barazani waliizungumzia intaneti ya kasi kama walivyozoea kuyazungumzia majahazi ya Ghuba: chombo kimefika, sasa tungoje tuone kimepakia nini. Mimi niliamini kwamba kimepakia riziki yangu. Nilipopita mtihani wa kidato cha nne nikachagua tarakilishi, na mwaka 2019 nikahitimu.

Nikaajiriwa na kampuni moja ya uwakala wa forodha iliyokuwa na ofisi karibu na bandari ya Kilindini. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu za kufuatilia makontena ya wateja: limeshushwa lini, hati zipi zimekamilika, siku ngapi zimebaki kabla ya gharama za uhifadhi kuanza kuhesabiwa. Mhandisi wa programu ni mtu wa kutoa amri. Huiambia tarakilishi: ikiwa siku zimezidi kiwango fulani, zidisha kwa gharama ya siku moja, ikiwa hati haipo, mtumie karani ujumbe. Kila hali inayoweza kutokea ameifikiria kabla, na programu ikikosea basi ni yeye aliyekosea amri. Niliipenda kazi hiyo kwa unyoofu wake. Kosa lilikuwa na mstari wake, ukiupata, umelimaliza.

Mnamo 2022 meneja wetu aliniita. Wateja wengi, hususan wafanyabiashara wazee wa Mji wa Kale, hawakupenda kuandika. Walikuwa wakituma maagizo yao kwa sauti kupitia WhatsApp, na makarani wawili walikesha wakizisikiliza na kuzinakili. Je, ningeweza kuunda programu ya kuzigeuza sauti hizo ziwe maandishi?

Nilikubali kabla sijafikiri. Usiku wa siku hiyo, nilipoketi kuandika amri ya kwanza, nilitambua kwamba sina pa kuanzia. Ningeiambia nini tarakilishi? "Ukisikia sauti ya namna hii, andika a"? Irabu hiyo hiyo moja hutamkwa na mtoto, na mzee asiye na meno, na mwanamke aliyesimama kwenye upepo wa kivuko cha Likoni, na kila mara wimbi lake la sauti huwa na umbo jingine. Hakuna mwanadamu awezaye kuziorodhesha hali zote hizo. Hapo ndipo nilipobisha hodi katika mlango wa ujifunzaji wa mashine.

Kwa faida ya msomaji asiye wa fani hiyo, nieleze kwa ufupi. Ujifunzaji wa mashine ni tawi la akili bandia, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita pia akili unde. Katika tawi hili hauipi mashine kanuni. Unaipa mifano pamoja na majibu yake. Unaipa maelfu ya vipande vya sauti, na kwa kila kipande, maandishi yake sahihi. Mashine hukisia, hulinganisha kisio lake na jibu, hupima ukubwa wa kosa, kisha hurekebisha kidogo mamilioni ya tarakimu zilizomo ndani yake ili kosa lipungue. Hufanya hivyo tena na tena. Matokeo yake huitwa modeli. Aliyezoea kutoa amri inambidi sasa ajifunze kutoa mifano, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Amri mbaya huonekana kwenye mstari wake. Mfano uliokosekana hauonekani popote.

Nilijifunza usiku baada ya kazi: takwimu, kalkulasi, hisabati ya matriki niliyokuwa nimeisahau tangu mwaka wa pili chuoni. Baadhi ya jioni tulikutana vijana kadhaa katika kituo cha Swahilipot, karibu na Ngome ya Yesu, tukisaidiana kufumbua yaliyotushinda. Baada ya miezi michache nikapakua modeli moja iliyokuwa ikitolewa bure, iliyofunzwa lugha nyingi pamoja na Kiswahili. Niliipa taarifa ya habari ya redio. Iliandika karibu kila neno. Nilimpigia meneja simu usiku ule ule.

Ndoo Isiyo ya Maji

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Baada ya swala nilikwenda kwa Bibi, mamake baba, nikambusu mkono, nikaketi kwenye mkeka karibu na kiti chake. Nilimwomba aseme lolote mbele ya simu yangu. Aliniangalia kana kwamba nimemwomba acheze ngoma. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeamrisha kijukuu: "Ndoo, mwanangu, keti. Hiyo ndia ya pwani haina mtanga tena."

Msomaji wa bara huenda akahitaji kusaidiwa. Katika Kimvita, lahaja ya wenyeji wa Mombasa, njoo ni ndoo, njia ni ndia, na mchanga ni mtanga. Bibi alikuwa akinikaribisha niketi, na kuniambia kwamba njia ya kuteremkia pwani, aliyokuwa akiipita utotoni, haina mchanga tena. Mashine iliandika hivi: "Ndoo mwanangu keti. Hiyo India ya pwani haina mtangazaji tena."

Nilimsomea. Alicheka, yaani aliteka, kama yeye mwenyewe angesema, mpaka akajifuta mato kwa ncha ya leso. "Mimi n'mezungumza na India lini?" aliuliza. Nilipoiunganisha modeli ile na programu ya kutafsiri, ndoo yake ikageuka kuwa chombo cha kutekea maji.

Tulicheka sote, lakini njiani kurudi nyumbani kicheko kilinikauka. Nilipita Ndia Kuu, barabara ambayo jina lake limeandikwa vivyo hivyo kwa Kimvita na hakuna aliyewahi kulisahihisha. Nilitambua kwamba modeli ile haikukosa kusikia. Ilisikia kwa kumbukumbu. Modeli za namna hii huchanganya kile kilichofika sikioni na kile zinachotarajia kutokana na maandishi ziliyofunzwa. Na katika maandishi hayo "India" imetokea mara nyingi mno, ilhali "ndia" haikutokea au imetokea mara chache zisizo na uzito. Mashine ilipotiliwa shaka ilichagua neno ililolijua. Kwa mashine hiyo lugha ya Bibi ilikuwa ni Kiswahili kilichokosewa.

Sauti za wateja wetu zilileta matokeo kama hayo. Vijana waliosoma walieleweka; wazee, ambao kwa ajili yao kazi yote ilikuwa imeanzishwa, hawakueleweka. Miezi miwili baadaye kampuni iliufunga mradi. Niliambiwa nirudi kwenye makontena. Siwalaumu, biashara haina subira ya mtafiti. Lakini mimi sikuweza tena kurudi kwenye amri kama kwamba sikuiona ile ndoo.

Mbachao na Msala

Mwaka 2023 niliacha kazi. Sitaki kuipamba hatua hiyo. Baba, karani mstaafu wa bandari, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema neno moja tu: "Usiache mbachao kwa msala upitao." Nami sikuwa na hoja ya kumjibu. Mshahara wangu ulikuwa ukilipa karo ya mdogo wangu na nusu ya kodi ya nyumba. Nilimwambia kwamba nitaendelea kuwaandikia watu programu kwa vibarua, na kwamba nataka kuwa mtaalamu wa ujifunzaji wa mashine. Aliuliza, "Basi kwa nini unakwenda kusoma mashairi?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na lilinichukua muda kulijibu hata nafsini mwangu. Nilipoanza kutafuta kazi katika fani mpya nilidhani kwamba pengo langu ni hisabati. Niliposoma matangazo na kuzungumza na waliotangulia, nikaona kwamba wanaojua hisabati ni wengi na kwamba modeli nyingi hutolewa bure, mtu akaipakua kabla chai haijapoa. Kilichokuwa adimu ni mifano: sauti zilizonakiliwa kwa usahihi, na mtu awezaye kusema kwa nini "ndia" si kosa. Mtu huyo sikuwa mimi. Nilikizungumza Kimvita kwa mazoea ya nyumbani, bila kukijua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; nami nikainama.

Muyaka, Sikujua na Mkutano wa 1928

Darasani nilikutana na watu ambao, kwa macho yangu ya kihandisi, walikuwa wamefanya kazi hii kabla tarakilishi haijazaliwa.

Wa kwanza ni Mwalimu Sikujua. Kila mwanafunzi wa ushairi anamjua Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyefariki mnamo 1840. Tunasahau kwamba Muyaka hakutuachia diwani. Mashairi yake yalikuwa vinywani mwa watu, na yangalizikwa pamoja nao lau Mwalimu Sikujua, aliyefariki 1890, hangeyakusanya na kuyafafanua akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor. Miaka mingi baadaye William Hichens alizihariri hati hizo, na Diwani ya Muyaka ikachapishwa mwaka 1940. Msimulizi, mkusanyaji, mfafanuzi, mhariri: huo ndio mnyororo ule ule tunaouhitaji leo ili mashine ipate mfano mmoja ulio sahihi. Na pete iliyokuwa rahisi kukatika katika mnyororo huo ilikuwa ni Sikujua, mtu aliyezijua lugha na maana.

Wa pili ni Ahmed Sheikh Nabhany, mwenyeji wa Lamu aliyeishi Mombasa na kufariki 2017. Wengi humkumbuka kwa istilahi alizobuni, kama runinga. Mimi nilivutiwa zaidi na tenzi zake mbili, Sambo ya Kiwandeo na Umbuji wa Mnazi, ambazo aliziandika makusudi ili kuhifadhi msamiati wa chombo cha baharini na wa mnazi. Aliona kwamba maneno yanakufa kwa sababu kazi zake zinakufa, akayatia ndani ya utenzi ambamo yangekaa pamoja na muktadha wake. Mhandisi hupenda orodha. Nabhany alinifunza kwamba neno lililotengwa na sentensi yake ni kama samaki aliyetengwa na maji: jina lake unalo, lakini hujui aogeleavyo.

Jambo la tatu lilikuwa mkutano. Mwaka 1928, hapa hapa Mombasa, wajumbe wa serikali za kikoloni za Afrika Mashariki walikutana kuamua ni lahaja ipi itakayokuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita kilikuwa na haki ya kutumaini: Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882 ilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya Kiswahili cha mji huu. Hata hivyo Kiunguja kiliteuliwa, na mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha iliyosimamia usanifishaji. Sina ugomvi na uamuzi huo kwa jumla. Ni kwa sababu yake kwamba mimi wa Kibokoni naandikiana na msomi wa Bukavu na tukaelewana. Lakini uamuzi ule ulikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa na akina Bibi.

Chukua mfano wa tahajia. Kaa wa pwani, yule mwenye magando, hutamkwa kwa mpumuo. Kaa la moto halina mpumuo. Vivyo hivyo paa mnyama ana mpumuo na paa la nyumba halina. Tahajia sanifu huyaandika maneno hayo sawasawa. Sikio la Bibi halikuwahi kuyachanganya. Langu, lililopita shule kwa miaka kumi na sita, hubabaika. Sauti hubeba tofauti ambazo maandishi yetu yameziacha, na mashine inayofunzwa kwa jibu la maandishi sanifu huadhibiwa kila inapozitilia maanani tofauti hizo.

Hapa ndipo nilipolipata jibu la Baba, na ndilo jambo moja ninalotaka msomaji aondoke nalo. Kila anayekusanya data za kuifunzia mashine Kiswahili anaurudia mkutano wa 1928. Anaamua ni Kiswahili cha nani kitakachohesabiwa kuwa Kiswahili. Tofauti ni kwamba mwaka 1928 watu waliketi, wakajadiliana, na uamuzi wao ukaandikwa. Sasa uamuzi unafanyika bila mtu kujua kwamba ameamua. Aliyepakua maandishi yaliyokuwa mengi na rahisi kupatikana amekwisha kupiga kura. Mwanafunzi wa Kiswahili asipokuwapo, hata kura ya kupinga haipo.

Nisieleweke vibaya. Kazi njema inafanyika. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuandika kanuni za mofolojia ya Kiswahili kwa tarakilishi katika miaka ya 1980, na mkusanyo wa matini wa Helsinki umewafaa watafiti wengi. Katika mradi wa Common Voice wa Mozilla watu wa kujitolea husoma sentensi za Kiswahili kwa sauti na wengine huzisikiliza na kuzihakiki. Hapa Kenya mradi wa Kencorpus, uliowaleta pamoja watafiti wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene, ulikusanya matini na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya, na katika Kiluhya haukusahau kwamba kuna lahaja. Haba na haba hujaza kibaba. Hoja yangu ni kwamba kibaba cha lahaja zetu za pwani bado kitupu, na wenye punje za kukijaza wanazeeka.

Dakika 41

Mwishoni mwa 2023 nilimwendea Bibi kwa utaratibu. Nilikuwa nimesoma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na nilikuwa na fomu ya idhini niliyoitafsiri mwenyewe. Aliisikiliza yote, kisha akauliza swali ambalo fomu haikuwa nalo: "Na nikisha kufa, hiyo sauti itaendelea kunena?"

Nilimweleza ukweli. Mimi nataka sauti yake ili mashine ijifunze kusikia, lakini sauti hiyo hiyo ikiachwa wazi mtu mwingine anaweza kuitumia kuifunza mashine kusema. Alinyamaza kwa muda. Akakubali kwa masharti matatu: asirekodiwe akiomba dua, majina ya watu wa nyumbani yasitajwe, na mashine isije ikamsemesha asiyoyasema. Niliyaandika masharti hayo chini ya fomu kwa mkono, naye akatia kidole.

Tulirekodi ngano, mapishi, na kisa cha jahazi lililokwama katika Bandari ya Kale akiwa msichana. Tulifikisha dakika 41. Mnamo Februari 2024 alipatwa na kiharusi. Alinusurika, alhamdulillahi, lakini ulimi wake haukurudi kama ulivyokuwa. Hazitakuwa dakika 42.

Nilizinakili dakika hizo neno kwa neno, nikaiongezea modeli mafunzo, kisha nikaipima. Matokeo yalikuwa ya kushangaza: "ndia" ikaandikwa ndia, "mtanga" ukawa mtanga. Niliyaleta kwenye semina ya idara nikiwa na majivuno ya mtu aliyeokoa kitu. Mhadhiri mmoja wa fasihi simulizi, ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, aliniuliza: "Je, umeipima kwa sauti ambayo haijapata kuisikia?" Sikuwa nimefanya hivyo. Niliipima kwa rekodi zile zile nilizoifunzia. Ilikuwa kama kumpa mwanafunzi mtihani ambao maswali na majibu yake amekwisha kuyakariri, kisha kumsifu kwa akili. Nilipoijaribu kwa sauti ya jirani yetu, bibi wa rika lile lile wa mtaa wa Kuze, India ikarudi.

Siku ile niliona haya, lakini leo naihesabu kuwa siku niliyoingia hasa katika kazi hii mpya. Swali lile ni la kwanza katika vitabu vyote vya ujifunzaji wa mashine, na nililiruka kwa sababu ya mapenzi. Lilikumbushwa na mtu wa fasihi simulizi, kwa kuwa wao wanajua tangu zamani kwamba msimulizi mmoja si jamii. Tangu hapo nimekuwa nikiwaendea wazee wengine, wanaume kwa wanawake, Kibokoni, Kuze na Mlango wa Papa, nikiweka kando sauti za baadhi yao ili zitumike kwa kupima tu. Makosa yanapungua polepole, si kwa kiwango cha kujivunia.

Bibi bado ni sehemu ya kazi hiyo. Jioni humsomea nakala za rekodi zake. Nikisoma neno lililokosewa, hugonga mkono wa kiti mara moja. Mwanzoni nilidhani anasahihisha makosa ya mashine. Siku moja niligundua kwamba nusu ya makosa aliyokuwa akiyagonga yalikuwa yangu: pale alipokuwa amesema kwa Kimvita, mimi, kwa mazoea ya shule, nilinakili kwa sanifu.

Deni Lililobaki

Naam, mwenzangu wa darasani, sikufukuzwa. Wala sijafika. Kwa mapato mimi ni maskini kuliko nilivyokuwa mwaka 2022, na bado naandika programu za maduka ili kodi ilipwe. Aidha nina mgongano ambao sijautatua. Ninaamini kwamba data za lugha zetu ziwe wazi ili kila mtafiti azitumie; lakini dakika 41 za Bibi sijazitoa wala sitazitoa, kwa kuwa sijui namna ya kuziacha wazi na papo hapo kulinda sharti lake la tatu. Tusilichukulie jambo hili kuwa dogo. Mwaka 2023 iliripotiwa kwamba vibarua jijini Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma matini za kutisha ili mashine za wengine zijifunze adabu. Anayetoa sauti au jasho lake ana haki ya kuuliza litakwenda wapi.

Kwa wanafunzi wenzangu wa Kiswahili nina ombi moja. Msiiogope fani hii mkidhani kwamba mlango wake ni hisabati peke yake. Kunakili sauti kwa uaminifu, kutambua lahaja, kujua kwamba neno halijakosewa bali ni la kwao: hayo tunayosomea ndiyo yanayokosekana. Kwa wahadhiri wetu, ombi langu ni kwamba unukuzi wa sauti usiwe mada ya wiki moja katika kozi ya fonolojia. Wekeni zoezi la muhula mzima, kila mwanafunzi na mzee mmoja wa kwao, kwa idhini na kwa heshima.

Baba aliniuliza tena juzi kama msala umepita au umetulia. Nilimwambia kwamba bado unapepea. Kisha nikaingia chumbani kwa Bibi na karatasi zangu, nikaanza kusoma kisa cha jahazi tangu mwanzo. Nilisoma ukurasa mzima na mkono wake ukatulia juu ya kiti. Katika ukurasa wa pili nilisoma "njia". Akagonga.